Sigaa ya Baba Mkwe

Nje ya kibanda cha fundi viatu kuna benchi moja refu la mbao, na mguu wake mmoja umewekewa soli tatu kuukuu ili lisiyumbe. Hapo ndipo dunia inaporekebishwa kila siku, kuanzia saa tisa alasiri. Mwenye kibanda anaitwa Gundi, kwa kuwa vidole vyake havijawahi kuachana vizuri tangu aanze kazi, na maneno yake nayo yakishakunasa huchomoki. Kando yake hukaa Makadirio, mstaafu wa idara ya maji, aliyesoma mita za watu kwa miaka ishirini na minane. Akikuta geti limefungwa alikuwa anaandika anachodhani, na tabia hiyo haikustaafu pamoja naye. Kahawa ni ya Mama Birika, anayeketi kwenye kigoda nyuma ya jiko lake la mkaa, na ambaye husikiliza zaidi ya anavyosema, jambo linalowatia wengine wasiwasi. Wa nne ni fundi vioo. Jina la kwao analo, lakini benchi lilimbatiza Vanila, maana kwa miaka miwili amekuwa akivuta visigaa vyembamba vya kopo vinavyonukia keki, na akipita njiani watu hugeuka kutafuta duka la mikate liko wapi.

Ijumaa hiyo Vanila alikuja na sigaa isiyonukia keki. Ilikuwa nene kama kidole gumba, rangi ya kahawia iliyoiva, majani matupu ya tumbaku yaliyosokotwa, bila sukari wala manukato. Aliishika kwa ncha za vidole, mbali kidogo na mwili, vile anavyoshika kioo kilichotoka kukatwa.

— Ndiyo yenyewe hiyo? aliuliza Gundi.

— Ndiyo yenyewe.

— Mbona imekaa kama mguu wa meza?

— Za kweli ndivyo zilivyo, alidakia Makadirio. Zile alizokuwa anavuta ni peremende zenye moto.

Vanila hakucheka. Kesho yake, Jumamosi saa nne asubuhi, alikuwa na kikao na baba mkwe. Hii ilikuwa wiki ya tatu mkewe yuko kwao. Walikuwa wamekutana kazini, tena kwenye dirisha moja: yeye amekuja kutia kioo, binti yule amekuja kupima pazia, wakagombania ngazi. Miaka sita wakaishi hivyo, mmoja akifungulia watu mwanga, mwenzake akiwafungia. Sasa cherehani ilikuwa imeondoka chumbani, na pale ilipokuwa sakafu ilibaki na alama nne za miguu yake, ambazo Vanila alizoea kuziruka kila asubuhi akienda kuoga.

Na baba mkwe huyo hakuwa mtu wa kuendewa hivi hivi. Alisokota sigaa kiwandani miaka thelathini na mmoja, na alikuwa na utaratibu ambao ukoo mzima uliujua. Ukiwa na neno kwake, anakata sigaa mbili, moja yake, moja yako. Mnawasha kwa njiti moja. Unasema wakati yako inawaka. Ikizimika, au ikifika vidoleni, umemaliza. Mzee anainuka, anakung'uta suruali, anakwenda kumwagilia maua yake. Hakuna kuwasha mara ya pili. Mwanyumba wake Vanila, aliyemwoa dada mkubwa wa mkewe, alikwenda mwaka juzi kuomba kipande cha kiwanja ajenge. Akaivuta kama sigara ya kawaida, moshi wote kifuani. Dakika ya kumi na tano alikuwa ameinamia mawaridi ya mzee, anatapika. Mpaka leo amepanga chumba.

Ndiyo maana benchi lilikaa kama baraza la vita wiki nzima. Gundi alitunga mtaala. Jumatatu: vanila, kama kawaida, ila polepole. Jumanne: sigaa ya ladha ya kahawa, ili ulimi uanze kuzoea uchungu ukiwa umeshikwa mkono. Jumatano: ile yenye utamu kwenye ncha tu, mwili wote tumbaku. Alhamisi: tumbaku tupu, jani jepesi la rangi ya mchanga, fupi. Ijumaa: nene, ya kahawia, kama ya mzee. Mtaala ulikuwa mzuri. Tatizo lilitokea Alhamisi, Vanila alipovuta bila kula kitu tangu asubuhi. Benchi likapanda, likashuka machoni pake. Mama Birika akamkorogea maji ya sukari, akalazwa juu ya gunia la soli mpaka jua likapoa.

— Leo ni mtihani wa mwisho, alisema Gundi akifuta mikono kwenye aproni. Mimi ndiye mzee. Makadirio, shika saa. Wewe, umekula?

— Nimeshiba.

— Onyesha tumbo.

— Gundi!

— Haya, haya. Ujumbe wa mzee ulisemaje vile? Tusomee tena.

Vanila alitoa simu, ingawa alikuwa ameshaukariri.

— "Njoo Jumamosi saa nne. Ule kwanza."

— Hiyo "ule kwanza" inaninyima usingizi, alisema Makadirio. Mkwe gani anakuita kwake halafu anakwambia ukale kwenu? Hapo amekunyima chakula hata hujapiga hodi.

— Au kikao ni kirefu, alisema Gundi. Atakuweka mpaka giza.

— Au ameshaamua. Mtu anayefukuzwa hapikiwi.

— Anamaanisha ale kwanza, alisema Mama Birika. Tumbaku tupu kwenye tumbo tupu inamwangusha mtu. Si mlimwona jana?

Wote wakaitikia kwa vichwa, kwa heshima ya jambo lililo wazi, kisha wakaendelea kana kwamba halikusemwa.

— Mimi nakadiria ni fumbo, alisema Makadirio.

Gundi alimpa Vanila kisu chake cha kukatia ngozi. Alikwisha kukinoa.

— Kata kofia tu. Usikate shingo.

Hapo mkono wa fundi vioo haukuhitaji mwalimu. Alikata kifuniko kidogo, chembamba kama ukucha, kikaanguka mapajani mwake. Kisha akawasha njiti, akausogeza moto karibu na ncha ya sigaa bila kuigusisha.

— Zungusha, alisema Gundi. Usiichome. Iache iote moto.

— Saa tisa na dakika ishirini, alitangaza Makadirio, akaandika kwenye daftari lake la zamani la kusomea mita, lenye safu ya "ilivyokuwa" na safu ya "ilivyo sasa".

Vanila akavuta pafu la kwanza, akalizuia mdomoni, akaliachia. Ulimi wake ukatoka wenyewe kulamba midomo. Ni mazoea. Visigaa vya kopo vilikuwa na sukari kwenye ncha, kwa hiyo kila pafu lilifuatwa na zawadi ndogo. Sasa ulimi ulikwenda, ukakuta mlango umefungwa, ukarudi ndani.

— Umelamba tena, alisema Gundi.

— Sikulamba.

— Umelamba. Kesho ukilamba mbele ya mzee, atajua umekuja na mazoea ya kopo. Haya, unasikia nini?

— Uchungu.

— Subiri. Nyuma ya uchungu kuna nini?

Vanila alifumba macho, akasubiri.

— Uchungu mwingine.

Mama Birika aliangua kicheko, akakificha kwa kufunika birika.

— Vuta kidogo kuliko hapo, alisema Gundi. Unaifyonza kama mtoto anayenyonya. Ipigie hodi tu.

Pafu la tatu lilikuja dogo, la baridi. Lilizunguka mdomoni taratibu, na Vanila akashangaa kukuta uchungu umekaa pembeni kama mgeni aliyekwisha kukaribishwa.

— Kuna kitu kama mbao, alisema. Mbao iliyorandwa sasa hivi. Kama fremu mpya kabla sijatia kioo.

— Ngozi hiyo! alisema Gundi. Sigaa nzuri ni ngozi. Kila mtu anajua.

— Ni bomba la chuma, alisema Makadirio. Maji ya kwanza asubuhi. Nimeonja mengi.

— Kila mmoja anavuta kazi yake, alisema Mama Birika. Na mimi nikisema naisikia kahawa, mtasema natafuta wateja.

Dakika ya kumi na tano ikapita, na hakuna aliyetapika. Sigaa ilikuwa inawaka sawasawa, jivu lake likirefuka kijivu na imara. Gundi akakaa wima, akakunja nne, akatoa sauti nzito kutoka kwenye shingo ambayo si yake.

— Haya, mwanangu. Nakusikiliza. Sema.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba.

— Baba, nimekuja kwa ajili ya...

— Pafu! alisema Makadirio. Dakika imepita. Moja kwa dakika, la sivyo inazimika.

Vanila akavuta. Akatoa moshi. Akaanza upya.

— Baba, nimekuja kwa ajili ya mke wangu. Ninachotaka kusema ni kwamba...

— Jivu! alipaza Gundi, akiusahau uzee wake. Usilikung'ute! Liache lijiangukie. Wanaokung'uta ni wavuta sigara.

— Sikulikung'uta.

— Ulitaka. Nimekuona mkono. Tena sikiliza, nikwambie siri ya jivu. Mzee aliyesokota miaka thelathini haangalii uso wako. Anaangalia jivu. Mtu akisema uongo mkono unatetemeka, jivu linakatika. Lile jivu ni mahakama.

— Hapo Gundi umegusa, alisema Makadirio, lakini umegusa juu juu. Mimi nakadiria mzee hakupi sigaa yoyote tu. Anakupimia. Kosa dogo, jani jepesi. Kosa kubwa, jani zito. Kesho ukipewa ya rangi ya mchanga, kaa ufurahi. Ukipewa nyeusi, aga watu.

Vanila akamgeukia Makadirio.

— Na ya kahawia kama hii?

— Ya kahawia ni kifungo cha nje.

— Hamjamaliza, alisema Gundi, ambaye hapendi kupitwa. Mnajua msokotaji anaweza kuficha jani bichi katikati? Moja tu. Unavuta vizuri, unasema vizuri, ukifika kwenye neno lenyewe, tss! Inazimika. Mwanyumba wako unadhani alitapika bure? Ilitegwa ile.

— Mwanyumba wangu aliivutia kifuani.

— Ndivyo walivyokwambia. Kesho beba waya mwembamba. Nitakupa ule wa kushonea buti. Ukimwona mzee kageuka, toboa.

— Na kama hageuki? aliuliza Makadirio.

— Basi tunakwenda kwenye mpango wa pili. Gundi akainama, akashusha sauti, ingawa barabara yote ilikuwa inamsikia. Tone moja la vanila. Kwenye masharubu. Mdomo unavuta kavu, pua inakula keki. Mzee anaona mwanamume, wewe unaona kopo lako. Nani atajua?

La ajabu ni kwamba Vanila alilifikiria. Alishika masharubu yake, akayapima kwa vidole, akajiuliza kama tone moja linatosha pande zote mbili.

Wakati huo akatokea mwanamke mwenye sare ya uuguzi, anachechemea, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, kisigino chake kimening'inia kwa msumari mmoja. Hapo kijiweni hakuna aliyewahi kumwona. Alisalimia wote kwa mpigo, akamkabidhi Gundi kiatu.

— Kinapona hiki, fundi?

— Dada, hapa wameletwa waliokufa wakaondoka wakitembea. Ila gundi inataka robo saa ishike. Kaa.

Akakaa mwisho wa benchi, mguu usio na kiatu juu ya mwenzake, akapokea kahawa kwa Mama Birika. Gundi alipaka gundi, akabana kisigino kwa uzi, akarudia sauti yake ya uzee.

— Mwanangu, tulifika wapi?

— Baba, mimi na mke wangu...

— Umelamba!

— Sikulamba, bwana!

Mwanamke aliwatazama mmoja baada ya mwingine, kama anayesoma kadi za wagonjwa kitandani.

— Samahani, alisema. Huyu kaka anafundishwa nini?

Makadirio alifurahi kuulizwa. Alimweleza yote kwa utulivu, kwa mpangilio, akifungua daftari kumwonyesha: mzee na sigaa zake mbili, mwanyumba na mawaridi, mtaala wa Gundi, vanila ya Jumatatu mpaka kahawia ya leo, dakika za kila siku. Ishirini na mbili, thelathini, thelathini na sita, jana kumi na moja kwa sababu za kiafya, na leo, kwa hisani ya Muumba, sasa tunakaribia hamsini.

— Kwa hiyo kesho, alimaliza, anao uwezo wa kuongea mbele ya mzee saa nzima bila kuzimika.

— Hongera, alisema mwanamke, na alikuwa hatanii. Akanywa kahawa kidogo. Akamgeukia Vanila, akauliza: Na mkeo, siku anaondoka, alisema nini?

— Alisema...

Vanila alianza vizuri kabisa. Mdomo ulikuwa tayari. Hata Gundi na Makadirio waliinamisha vichwa kusikiliza, na hapo ndipo kila mmoja alipokumbuka kwamba katika wiki nzima hilo hawakuwa wamemuuliza.

Ilikuwa Jumapili. Hilo alilijua. Alikuwa amekaa kibarazani, amefungua kopo jipya, na kopo jipya lina harufu ambayo la zamani halina. Mkewe alikuja akakaa mbele yake, kwenye ndoo iliyogeuzwa, na utepe wake wa kupimia mkononi. Alikuwa anaukunja, anaukunjua, anaukunja. Akasema. Akasema muda mrefu, kwa sauti ya chini, si sauti ya ugomvi. Vanila alikumbuka moshi ulivyokuwa mtamu. Alikumbuka namba kwenye utepe, thelathini na nane ikitokea na kupotea kati ya vidole vyake. Alikumbuka kwamba kila sauti ilipopanda mwishoni, kama swali, yeye aliitikia "mm". Aliitikia mara nyingi. Kisha mkewe akanyamaza, akamtazama, akasema "haya", akaingia ndani. "Haya" hiyo ndiyo pekee aliyoisikia.

— Alisema mengi, alisema Vanila.

— Mojawapo?

Gundi aliokota nyundo, akaitazama, akairudisha chini.

— Kwa kukadiria, alianza Makadirio, mwanamke akiondoka na cherehani...

— Baba yangu, wewe ulikuwepo? aliuliza mwanamke.

— Hapana.

— Basi.

Makadirio akafunga daftari, kidole kikiwa bado ndani.

Hakuna aliyemtukana Vanila, hakuna aliyemcheka. Lori la matofali lilipita, vumbi lake likatua juu ya vikombe, na hakuna aliyefunika chake. Vanila alirudi tena kibarazani kwa mawazo, akakaa palepale, akajaribu kusikia. Aliuona mdomo wa mkewe ukifunguka. Aliuona ukifungika. Katikati kulikuwa na kioo, kisafi, kimetiwa vizuri na fundi anayejua kazi yake, hakipitishi hata mnong'ono.

— Kama ni kosa langu, alisema polepole, angesema.

— Si ndiyo alisema, mwanangu, alijibu Mama Birika. Ndicho unachoulizwa.

Mwanamke aliyeuliza alionekana kujuta kidogo. Alikuwa ametaka kujua tu. Vanila naye mkono ulikwenda mdomoni na kurudi, pafu dogo, la baridi, bila kuambiwa na mtu. Hakulamba midomo. Alikuwa hasikii uchungu wala mbao, wala ngozi, wala bomba.

— Samahani, alinong'ona Makadirio, maana mazoea ni mazoea. Saa moja na dakika mbili. Na bado inawaka. Umefaulu, Vanila.

Hakuna aliyepiga makofi.

Vanila aliitazama sigaa ile kwa mara ya kwanza tangu aiwashe. Ilikuwa nzuri kweli. Aliiweka ukingoni mwa benchi, moto ukitazama nje, ili ijizimie yenyewe kwa wakati wake. Akasimama, akakung'uta suruali.

— Saa kumi na nusu bado? aliuliza.

— Bado dakika nane, alisema Makadirio.

— Mke wangu huwa anafunga karakana ya mapazia saa kumi na moja.

Gundi aliruka.

— Unakwenda kazini kwake? Leo? Hujajipanga! Sigaa huna, maneno huna. Utamwambia nini?

— Sina la kumwambia, alisema Vanila. Namwomba arudie.

— Yote?

— Akikubali, yote.

Mama Birika aliinamisha birika juu ya kikombe cha Vanila amtilie cha mwisho cha njiani. Yalitoka matone matatu na machicha. Kahawa ilikuwa imekwisha. Vanila akayanywa hayo hayo, akamrudishia kikombe kwa mikono miwili, akamshukuru mwanamke mwenye kiatu kimoja, akavuka barabara.

Alikuwa ameshafika upande wa pili Makadirio alipoona kosa la ratiba. Akasimama juu ya benchi, daftari hewani.

— Vanila! Kikao ni kesho!

— Cha mzee ndicho cha kesho, alijibu Vanila bila kugeuka. Cha mke wangu kilikuwa Jumapili ile.